Kufundisha Habari za Ushuru wa Forodha na Biashara Huria katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

1. Utangulizi

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo huziogopa wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha ni zile zinazohusu biashara kati ya nchi na nchi. Aghalabu husema kwamba mambo ya ushuru ni ya mawaziri na wataalamu wa uchumi, wala hayamhusu mtoto wa kijijini. Katika makala hii nimekusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kueleza njia moja ya kuifundisha mada hii kwa vipindi 3, tukitumia vitu ambavyo mtoto huviona nyumbani kwao.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Wakati fulani nilifundisha somo la mfano katika shule moja wilayani Handeni, wanachuo wakiwa wameketi nyuma ya darasa na madaftari yao. Nilieleza maana ya ushuru wa forodha, kisha nikawauliza wanafunzi: "Je, bidhaa za kigeni zitozwe ushuru mkubwa ili viwanda vyetu vistawi?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyo!" Nilifurahi, nikageuka kuandika muhtasari ubaoni. Hapo msichana mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mama yangu anauza mitumba Mkata. Ikizuiwa, nani atatununulia madaftari?"

Nilimjibu kwamba tutalizungumza baadaye. Kengele ikalia, na hiyo baadaye haikufika siku ile. Wanachuo walikuwa wameandika swali lile katika madaftari yao. Jibu hawakuwa nalo, kwa kuwa mkufunzi wao hakulitoa. Niliporudi chuoni nilitambua kwamba sikuwa nimefundisha somo. Nilikuwa nimewafundisha watoto kuitikia.

Kosa hilo lilinifikirisha zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Kijiji cha Kwamsisi kina nafasi ya pekee katika historia ya ualimu nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shule yake ilifanywa ya majaribio, ikishirikiana na chuo cha ualimu cha Korogwe, ili kutafuta namna ya kuyaunganisha mafunzo ya darasani na maisha ya wanakijiji. Ikiwa sisi tulio jirani na Kwamsisi tunafundisha ushuru bila kumwona mama auzaye mitumba, basi tumeusahau urithi wetu wenyewe.

2. Jambo ambalo mwalimu hana budi kulielewa kwanza

Ushuru wa forodha ni kodi inayotozwa bidhaa ivukapo mpaka wa nchi. Serikali huutoza kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kupata fedha za kuendeshea kazi zake. Ya pili ni kuipandisha bei bidhaa ya kigeni ili ile ya nyumbani ipate wanunuzi. Wenye kuitetea sababu ya pili husema kwamba kiwanda kichanga ni kama mche wa mchungwa: usipozungushiwa ua, mbuzi ataula kabla haujazaa. Wenye kutetea biashara huria hujibu kwamba ua huo hujengwa kwa fedha za mnunuzi, na kwamba mche uliozoea kivuli hauwezi kuvumilia jua.

Pande zote mbili zina ukweli ndani yake. Kwa hiyo kazi ya mwalimu si kuwapa watoto hukumu. Kazi yake ni kuwazoeza kuuliza maswali 3 kila wanaposikia habari za ushuru:

(a) Nani analipa?
(b) Nani anapata?
(c) Kwa muda gani?

Maswali haya yaandikwe ubaoni tangu kipindi cha kwanza, na yasifutwe mpaka mada imalizike.

3. Matayarisho na zana

Mwanachuo ajiandae na vitu hivi: shati moja la mtumba, kipande cha kitenge au kanga yenye jina la kiwanda, kipande cha kamba ya katani, ramani ya dunia, na picha 2 za mikate zilizokatwa katika karatasi ngumu, mmoja mkubwa na mwingine mdogo. Vyote hivi hupatikana bila gharama kubwa. Hata kamba ya katani haiwezi kukosekana katika nchi ya Korogwe na Handeni.

4. Kipindi cha kwanza: Hesabu ya shati

Anza kwa kuwauliza wanafunzi nguo walizovaa zimetoka wapi. Wachache watajua. Wape dakika 5 wasomeane vibandiko vya shingoni, kisha waonyeshe nchi hizo katika ramani. Baada ya hapo toa hesabu hii ya kubuni:

"Shati kutoka ng'ambo linauzwa shilingi 10,000. Shati kama hilo lililoshonwa nchini linauzwa shilingi 12,000. Serikali ikiweka ushuru wa asilimia 25, shati la ng'ambo litauzwa kwa bei gani? Mnunuzi atachagua lipi?"

Wanafunzi wataona kwamba shati la ng'ambo sasa ni shilingi 12,500, kwa hiyo mnunuzi atachukua la nchini. Wengi watashangilia. Usiwazuie, lakini uendelee kuuliza: "Kabla ya ushuru, mnunuzi alilipa ngapi? Sasa analipa ngapi?" Watajibu kwamba ameongeza shilingi 2,000. "Je, hizo 2,000 zimekwenda serikalini?" Hapa darasa hunyamaza. Mpe kila mmoja nafasi ya kufikiri. Ukweli ni kwamba serikali haikupata hata senti moja, kwa kuwa hakuna shati la ng'ambo lililonunuliwa. Fedha ile imekwenda kiwandani.

Sasa ikuze hesabu. Kitongoji kina kaya 40, na kila kaya hununua mashati 3 kwa mwaka. Mashati yote ni 120, na nyongeza ya bei ni shilingi 240,000. Hicho ndicho kitongoji kilicholipa ili kiwanda kiendelee. Lakini usiishie hapo, maana hiyo ni nusu ya hesabu. Uliza tena: "Kiwanda kikifungwa, nani atakosa kazi? Mfanyakazi wa kiwanda hula nini? Hununua mahindi na machungwa ya nani? Mkulima wa pamba atamwuzia nani?" Ndipo watoto watakapoona kwamba ile 240,000 haikupotea. Imehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na huenda sehemu yake ikarudi. Ni kiasi gani kitakachorudi, na baada ya miaka mingapi, ndicho kiini cha ubishi wote.

5. Kipindi cha pili: Mkate mkubwa na mkate mdogo

Ubishi huu haukuanza kwetu. Nchi iliyobishana kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa ni Uingereza, na historia yake inawafaa watoto kwa sababu ilihusu mkate.

Kwanza waeleze kwamba Uingereza haikuanza na milango wazi. Mwaka 1721 Bunge lake lilipiga marufuku vitambaa vingi vya pamba vyenye chapa, hasa vya Kihindi, ili kuwalinda wafumaji wa nyumbani. Mwaka 1815 ikatungwa Sheria ya Nafaka: ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya nyumbani ifike shilingi 80 kwa kwota, ambacho ni kipimo chao cha nafaka. Waliofaidika ni wenye mashamba makubwa, ambao pia walikuwa wengi Bungeni. Waliolipa ni walaji wa mkate.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 ilianzishwa mjini Manchester jumuiya ya kuipinga sheria hiyo. Viongozi wake mashuhuri walikuwa Richard Cobden na John Bright, ambao wote walikuwa na viwanda vya nguo. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Watu hawa walisema kweli kwamba maskini ananyimwa mkate wa bei nafuu. Lakini wafanyakazi wengi waliwashuku, wakisema kwamba mwenye kiwanda anautaka mkate wa bei nafuu ili alipe mshahara mdogo. Waulize wanafunzi: "Je, mtu akiwa na faida yake katika jambo, maneno yake huwa ya uongo?" Swali hili halina jibu la neno moja, na ndiyo sababu linafaa.

Mwaka 1845 viazi viliharibika Ireland na njaa kuu ikaingia. Mwaka 1846 Waziri Mkuu Robert Peel aliifuta Sheria ya Nafaka, ingawa chama chake mwenyewe kiligawanyika kwa sababu hiyo naye akaanguka madarakani. Tangu hapo Uingereza ikajulikana kuwa nchi ya biashara huria. Wakati huo viwanda vyake vilikuwa vimekwisha kukomaa, na havikuwa na mshindani wa kuviogofya.

Washindani wakatokea: Ujerumani na Marekani, zilizovilea viwanda vyake nyuma ya ua wa ushuru. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alianza kudai kwamba bidhaa za kigeni zitozwe ushuru na za makoloni zipendelewe. Wapinzani wake walizunguka nchi nzima wakiwaonyesha watu mikate miwili: mkubwa wa biashara huria, mdogo wa ushuru. Katika uchaguzi wa mwaka 1906 mkate mkubwa ulishinda. Lakini mwaka 1932, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa dunia, Uingereza iliweka ushuru wa jumla wa asilimia 10 kwa bidhaa nyingi za kigeni. Waziri wa Fedha aliyeupeleka mswada huo Bungeni alikuwa Neville Chamberlain, mtoto wa Joseph.

Katika kipindi hiki tumia ile mikate ya karatasi. Mwite mwanafunzi mmoja aushike mkubwa na mwingine aushike mdogo. Waulize wengine: "Mkulima wa ngano wa Uingereza angeuchagua upi? Fundi wa kiwanda? Fundi aliyekwisha kufukuzwa kazi?" Huyo wa mwisho ndiye atakayewafundisha zaidi, maana mkate mkubwa haumfai mtu asiye na senti ya kuununulia.

6. Kipindi cha tatu: Kamba ya mkonge

Sasa mrudishe mtoto nyumbani. Mwonyeshe kamba ya katani na umwulize imetoka wapi. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, naye aliutoa Florida, Marekani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalitokea mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza na kwingineko, na Tanganyika ikaja kuongoza dunia nzima kwa mkonge. Katika miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Katika miaka ya 1930 palikuwa na kiwanda katika Tanganyika kilichosokota kamba za kufungia mazao mashambani na kuziuza Uingereza. Ule ushuru wa mwaka 1932 haukuzigusa bidhaa za himaya, hivyo kamba hizo ziliingia bila kikwazo. Watengenezaji wa kamba wa Uingereza wakalalamika kwa serikali yao kwamba wanapunguziwa bei na kiwanda chenye malighafi mlangoni na vibarua wa ujira mdogo. Serikali haikutunga sheria mpya. Ilitosha kutisha kwamba ushuru utawekwa, na kiwanda kikashurutika kukubali kupandisha bei ya kamba zake. Bei ilipopanda wanunuzi wakapungua, na kabla ya mwaka 1940 kiwanda kikafungwa. Mkonge ghafi, lakini, uliendelea kupokelewa kwa mikono miwili.

Mwalimu asikitumie kisa hiki kuwachochea watoto wachukie watu. Akitumie kuuliza yale maswali 3. Nani alilipa? Mfanyakazi wa kiwanda cha Tanganyika, na mkulima wa Uingereza aliyenunua kamba kwa bei ya juu. Nani alipata? Wenye viwanda vya kamba wa Uingereza. Kwa muda gani? Hakuna aliyeweka mwisho. Hapo ndipo somo linapokaa vizuri: nchi ile iliyoimba biashara huria kwa miaka zaidi ya 80 ilijua pia kufunga mlango, na iliufunga mbele ya kamba, si mbele ya katani. Watoto wenyewe watauliza kwa nini. Waache wajibu kwamba kazi na faida nyingi zaidi zimo katika kusokota kuliko katika kukata majani.

Kwa upande mwingine, usiwaache waamini kwamba ushuru unaweza kila kitu. Mkonge wetu uliposhuka baada ya miaka ya 1960, sababu kubwa ilikuwa kamba za nailoni na plastiki zilizopendwa na wanunuzi wa ng'ambo. Ushuru wetu unalinda soko letu tu. Hauwezi kumlazimisha mkulima wa Ulaya afungie majani yake kwa katani.

7. Mifano ya Afrika Mashariki ya kumwongezea mwalimu maarifa

Mwaka 1927 Tanganyika iliingia katika umoja wa forodha pamoja na Kenya na Uganda. Ushuru wa pamoja uliwalinda walowezi wa Kenya waliozalisha ngano na siagi. Mtanganyika alinunua unga wa ngano kwa bei iliyopandishwa ili mlowezi wa nchi jirani apate faida, na hazina ya Tanganyika ikakosa ushuru ambao ungekusanywa kama unga huo ungetoka mbali.

Mkataba wa mwaka 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulijaribu kurekebisha hali hiyo. Nchi iliyokuwa nyuma kwa viwanda iliruhusiwa kutoza kodi ya uhamisho kwa baadhi ya bidhaa za viwandani za nchi mwenzake, lakini kila kodi ya namna hiyo iliwekewa kikomo cha miaka 8. Mwanachuo aliangalie sana sharti hili. Walioandika mkataba walikuwa wameliuliza swali la tatu. Jumuiya yenyewe ilivunjika mwaka 1977.

Tuliwahi pia kuona gharama ya mlango uliofungwa kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba na uagizaji ukabanwa. Viwanda vya nyumbani havikuwa na mshindani, lakini sabuni na kanga zilikuwa adimu madukani. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Maduka yakajaa tena, na viwanda vya nguo vikaanza kupata mashaka.

Jumuiya ya sasa ilianza umoja wake wa forodha mwaka 2005 kwa viwango 3: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Mwaka 2022 kiliongezwa kiwango cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa, zikiwamo nguo. Kabla ya hapo, mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya walikusudia kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa huko bila ushuru. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

8. Mjadala na tathmini

Sehemu ya mwisho ya kipindi cha tatu iwe mjadala. Gawa darasa makundi 4: wauza mitumba, mafundi wa kiwanda cha nguo, wakulima wa pamba, na wanunuzi wa kijijini. Kila kundi liseme kwa dakika 3. Kisha, na hili ndilo muhimu, makundi yabadilishane nafasi na kusema tena. Mtoto asiyeweza kuieleza hoja ya mwenzake kwa haki bado hajaielewa ya kwake.

Katika kusahihisha, usitoe alama kwa mtoto kwa sababu ameunga mkono ushuru au ameupinga. Toa alama kwa kila swali kati ya yale 3 alilolijibu kwa mfano. Na ikiwa darasani wamo watoto ambao wazazi wao wanaishi kwa biashara inayojadiliwa, usiwataje wala usiwafanye mfano. Wakijitaja wenyewe, wasikilizwe.

9. Hitimisho

Wiki iliyofuata nilirudi katika shule ile nikafundisha tena kwa njia niliyoieleza hapa. Yule msichana aliangukia kundi la mafundi wa kiwanda, akakitetea kiwanda vizuri kuliko wote. Tulipomaliza akanyoosha mkono tena: "Mwalimu, kiwanda kikipewa miaka 8 na kisikue, nani atamwambia mama?"

Safari hii sikusema "baadaye". Nilimwomba aje aliandike swali lake ubaoni, chini ya yale 3, na darasa likalinakili. Kisha nikawaambia wanafunzi ukweli: kwamba watu wazima pia wanalibishania, katika Bunge na katika mikutano ya Jumuiya, na kwamba siku moja wao ndio watakaolijibu kwa kura zao na kwa kazi zao. Ndugu mwanachuo, ukitoka darasani na swali la namna hiyo limebaki ubaoni, usidhani kwamba somo limekushinda.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kuhusu kipindi cha kwanza, ukitumia bidhaa nyingine badala ya shati, kwa mfano sukari au mafuta ya kula.
2. Katika kijiji unakofanyia mazoezi ya kufundisha, zungumza na mfanyabiashara mmoja na mkulima mmoja. Andika jinsi kila mmoja angejibu yale maswali 3.
3. "Ua wa mche usiwe ukuta wa gereza." Jadili usemi huu kwa kutumia kisa cha kamba za Tanganyika na hali ya mwanzoni mwa miaka ya 1980.